Mzee akisema mitambo yake ya maji inasumbua

Mdogo wangu, unaniambia huko mnaambiana kwamba kutunza wazee Uingereza ni kazi nyepesi, Kiingereza cha shule kinatosha. Nani huyo anayewadanganya? Kumwinua mtu kitandani utafundishwa. Mafumbo ya wazee hakuna wa kukufundisha, na aibu yake utaila mwenyewe.

Mzee akisema anakwenda kutumia peni moja, usimtafutie pochi. Anataka choo, na huenda ameshajizuia kitambo; zamani vyoo vya umma kwao vilifunguliwa kwa sarafu hiyo. Akisema mitambo yake ya maji inasumbua, usimwite fundi bomba. Ni mkojo: uliza kama unauma, anakwenda mara ngapi, una rangi gani, kisha mwambie nesi. Akisema yuko chini ya hali ya hewa, usichungulie dirishani, anaumwa. Chura kooni ni sauti kukwaruza tu. Pini na sindano ni ganzi, na hapo usicheke. Ikija ghafla upande mmoja, tazama mdomo kama umekwenda upande, mkono kama hauinuki, maneno kama yanaparaganyika. Ukiona hata moja, huenda ni kiharusi, piga 999, namba ya dharura ya huku.

Kwenye daftari la zamu andika alichosema vilevile alivyosema, ndani ya alama za kunukuu, halafu ulichokiona wewe, na saa. Ukiandika tafsiri yako, wa zamu ya usiku atatafuta bomba linalovuja.

Mafumbo yetu nayo yaache mlangoni. Msifu bibi kwamba amekula chumvi nyingi uone: kesho analetewa supu isiyo na chumvi, na ana haki ya kukununia. Mtu akijikwaa, ile pole yetu ukiigeuza samahani ya Kiingereza, mwanawe atakuuliza umemfanya nini mama yake. Uliza tu kama ameumia.

Usiitikie usichokielewa, uliza. Ila usiulize kila neno, utaandikwa hujui lugha. Ndiyo, najipinga, na kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Wazee wenyewe hawana neno, watakuelezea huku wakicheka. Wa kuogopa ni wenzako wa zamu.

Na siku meneja akikwambia umepewa gunia, usiulize la nini. Unga umemwagika.