Kabla hujakopa kwa ajili ya mtambo

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza: mshindani wako ameleta mtambo wa kidijitali wa kuchapa, wateja wameanza kuhamia kwake, je, nawe ukope ununue kama huo? Mimi nataka kwanza kujua wale waliobaki kwako wanafuata nini. Nimesema mara nyingi na nitarudia: kinachouzwa dukani si siri ya mtu. Ukikinunua leo, kesho na mwingine atakinunua.

Unakumbuka baba yako mkubwa alivyoleta studio ile mashine ya kusafisha picha kwa kompyuta. Tulitamba kweli, sikatai. Halafu studio zote zikawa nayo, bei ya picha ikashuka, deni likabaki palepale. Mimi nilikuwa kule nyuma na picha za watu zilizochanika na kufifia. Nilikuwa nimezoea kurekebisha negativu, yaani filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwake, kwa brashi na penseli. Jicho lilijua uso ulivyokuwa kabla ya doa. Nikajifunza kuifanya kazi hiyohiyo kwenye kompyuta. Baba yako mkubwa akacheka mbele ya wateja, eti shemeji anashona viraka. Viraka hivyo ndivyo vilivyolipa deni lake. Siku hizi akisimulia husema, "Nilipoanzisha kazi ya picha za zamani." Nilipoanzisha! Haya, tuyaache.

Watu husema Kodak, ile kampuni ya Marekani ya filamu za kamera, ilianguka kwa kukataa mapya. Si kweli yote. Kamera ya kidijitali iliundwa humohumo Kodak na mhandisi wao, Steve Sasson, mwaka 1975. Walisitasita kwa sababu filamu ilikuwa na faida nono, lakini baadaye waliziuza kamera hizo, na mwaka 2005 wakaongoza soko la Marekani. Faida yake ilikuwa nyembamba, kila kampuni ya vifaa vya elektroniki iliweza kuzitengeneza, kisha simu zikaja na kamera zake. Januari 2012 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Fujifilm, watengeneza filamu wa Japani, walikumbwa na janga hilohilo, wakajiuliza wanajua nini. Walijua kolajeni, protini iliyomo pia kwenye ngozi, maana imo kwenye filamu. Walijua kuzuia picha isipauke. Mwaka 2007 wakatoa vipodozi vya ngozi, Astalift.

Najua utasema: mama, mteja anayetaka nakala hamsini jioni hii hatangoja nijichunguze. Kweli. Mtambo wako wa sahani za kuchapia haulipi kwa nakala chache, kila kazi inadai sahani zake. Hapo utakuwa unawafukuza wateja mwenyewe. Lakini mtambo huo wa kidijitali utakufikisha alipo mwenzio, hautakupitisha. Kuwa sawa naye si kitu? Ni kitu, nakubali. Ila ukope kwa ajili ya kuwa sawa? Kwa sasa kazi hizo ndogo ungeweza kuzipeleka kwa mwenye mtambo mkagawana faida, ukaona zinakuja ngapi.

Fungua daftari la kazi. Tazama nani alirudi ingawa bei yako ilikuwa juu, na alirudi kwa kazi ipi. Hiyo ndiyo ya kuwekea fedha.

Sikwambii usinunue. Uamuzi ni wako. Ingekuwa mimi, mkopo huo… basi, nanyamaza. Ukishaamua, niambie mimi kabla ya baba yako mkubwa, asije akasema wazo lilikuwa lake.

Mama yako