Maswali ya Wasomaji: Neema ni ya Bure, Mbona Moyo Bado Mtupu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nimeokoka miaka kumi na mmoja sasa. Nafunga kila Jumatano, sikosi mkesha wa Ijumaa, natoa fungu la kumi, naimba kwaya. Lakini nikimaliza yote najiona mtupu, kana kwamba Mungu hajaridhika nami. Nikikosa mkesha mmoja, wiki nzima naogopa balaa. Niongeze nini?
Dada wa Morogoro

JIBU: Amina, dada yetu. Usiongeze kitu. Barua yako imejaa unayomfanyia Mungu, na hamna sentensi hata moja ya alilokufanyia yeye. Tatizo tunaliona hapo.

Soma Luka 18:9-14. Farisayo alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yake yote, na Yesu hakusema kwamba anadanganya. Hata hivyo aliyeshuka nyumbani akiwa amehesabiwa haki ni mtoza ushuru, asiyekuwa na cha kuonyesha ila kilio: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Kisha msome yule mwana mkubwa wa Luka 15:29, aliyeishi nyumbani kwa baba yake huku akihesabu miaka aliyotumika. Paulo anasema wazi katika Warumi 4:4 kwamba ujira wa mfanyakazi ni deni analodai, hauitwi neema. Ukimfanya Mungu mwajiri, kila usiku utalala ukijiuliza kama umefikisha kazi ya siku, na hakuna atakayekuja kukuambia umefikisha. Hofu ya balaa inatoka hukohuko, ilhali Warumi 8:1 inasema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu.

Kwa mwezi mmoja pumzika mfungo na mkesha, na umweleze mchungaji wako sababu. Kila asubuhi tenga dakika 15. Wiki ya kwanza soma Waefeso 2:1-10, ya pili Warumi 5:1-11, ya tatu Luka 15, ya nne Wagalatia 3. Kabla hujaomba lolote, taja kwa sauti mambo matatu ambayo Mungu amekwisha kukutendea, ukiyatoa katika kifungu hicho. Kisha ungama dhambi kwa jina lake. Sema "nilimsengenya jirani", usiseme tu "nisamehe makosa yangu yote". Soma 1 Yohana 1:9, na kesho usiiungame tena dhambi hiyohiyo ya jana. Wengi hukwama hapa: huirudia dhambi ya mwaka juzi kila usiku, wakidhani msamaha unangoja machozi yatoshe. Wengine hupima kwa hisia, na asubuhi moyo ukiwa mzito huona wameachwa. Ahadi ya Mungu haibadiliki kwa sababu umeamka umechoka. Mwezi ukiisha, rudi kwenye mfungo kama unautamani. Kama kinachokurudisha ni hofu, ngoja kwanza.

Tunakuomba na jambo jingine. Ikiwa utupu huo umeambatana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula au kulia bila sababu kwa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali. Sonona ni ugonjwa, haina maana kwamba imani yako imepungua.

SWALI: Mimi ni Mlutheri, mchumba wangu Mkatoliki. Nyumbani wananiambia Wakatoliki hutegemea matendo ili waokoke. Tutaelewana kweli?
Msomaji, Moshi

JIBU: Hilo silo fundisho la Kanisa Katoliki. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, walitia sahihi tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Tofauti zilizobaki, kama za meza ya Bwana na mamlaka ya Papa, ni za kweli. Zizungumzeni na padri na mchungaji kabla ya kutangaza ndoa.

SWALI: Mtumishi mmoja ananiambia sijibiwi maombi kwa sababu sijapanda mbegu ya shilingi 200,000. Nikope?
Kijana, Mwanza

JIBU: Usikope, mdogo wetu. Fungua 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alikwenda kwa nabii Elisha na talanta kumi za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi kumi. Alipopona akamsihi nabii apokee zawadi, naye akakataa. Gehazi, mtumishi wa Elisha, akamkimbilia Naamani njiani kwa uongo na kurudi na talanta mbili na mavazi mawili, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Sisi tunaona kosa lake lilizidi tamaa: mgeni aliyekuwa ndiyo kwanza amemjua Mungu wa Israeli alifanywa aone kuwa uponyaji wake una bei. Petro naye alimkatalia kwa ukali Simoni wa Samaria, aliyetaka kununua kwa fedha uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu (Matendo 8:20).

Sadaka ni jambo jingine. Kanisa lina bili ya umeme, lina mchungaji wa kutunzwa, lina wajane. Toa ulichokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Wakorintho 9:7). Kwa huyo mtumishi, muulize swali moja tu: "Nisipotoa, utaniombea?" Akisita, ondoka.

SWALI: Kabla sijaokoka nilikuwa mtunza stoo, nikaiba bidhaa za kama shilingi 300,000. Mungu amenisamehe bure. Bado natakiwa kurudisha?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndiyo, rudisha. Mungu amekusamehe kabisa, lakini mwajiri wako bado hana mali yake. Angalia mfuatano wa Luka 19: kwanza Yesu alijikaribisha kwa Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, huku watu wakinung'unika, ndipo Zakayo akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne alichonyang'anya. Hakuulipia ugeni ule.

Walawi 6:5 inaagiza kurudisha kamili na kuongeza sehemu ya tano, yaani kwako 360,000. Si sheria inayokufunga, ila ni kipimo cha haki, maana thamani ya fedha imeshuka tangu wakati ule. Andika orodha ya ulichochukua na umwonyeshe mzee wa kanisa unayemwamini. Kama kesi iko polisi, mwone wakili kwanza. Nenda mwenyewe ukiwa na malipo ya kwanza. Kutuma pesa kwa simu bila maelezo hakutoshi. Zilizobaki mwandikiane awamu, kila mmoja abaki na nakala. Anaweza kukushtaki, na neema haikuahidi kwamba hatafanya hivyo. Kama amefariki, wape jamaa zake (Hesabu 5:8). Na kama kuna mwenzako aliyefukuzwa au kukatwa mshahara kwa upotevu ule, mwambie mwajiri siku hiyohiyo kwamba hakuhusika, kisha umtafute umwombe radhi.