Swali la msomaji: Wazee na wasio na bima wakijiunga kwa hiari, mfuko utadumu?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimo kwenye kamati inayoandaa pendekezo la kupanua mfuko wa umma wa bima ya afya, uwafikie watu wasio kwenye ajira rasmi pamoja na wazee. Wenzangu wanataka kujiunga kuwe kwa hiari, mchango uwe sawa kwa kila mtu, na mwanachama mpya asubiri miezi sita kabla ya kutibiwa ili watu wasijiunge wakiwa tayari wagonjwa. Mimi nahofia mfuko utakauka. Hesabu zinasemaje?

JIBU: Hofu yako ina msingi, na hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwenye karatasi mbele ya wenzako. Chukua watu 1,000. Kati yao 900 ni vijana na watu wa makamo, matibabu yao yanagharimu wastani wa 100 kwa mwaka, na 100 ni wazee wanaogharimu 400 kila mmoja. (Namba ni za mfano, wekeni zenu.) Jumla ni 130,000, hivyo mchango ulio sawa kwa wote ni 130.

Kijana anayejiona mzima anapiga hesabu yake: analipa 130, anatumia 100 au hatumii kabisa. Tuseme mwaka wa kwanza vijana 300 wanaacha kulipa. Mzee haachi hata mmoja. Gharama inashuka hadi 100,000, ila waliobaki ni 700, na mchango inabidi upande hadi 143 hivi. Wakiondoka 300 wengine, mnabaki na watu 400 na gharama ya 70,000, yaani 175 kila mmoja. Na hapo sijagusa jambo lililo baya zaidi, kwamba wanaotangulia kutoka ni wale wasiougua, kwa hiyo hata ule wastani wa 100 nao utapanda.

Kusubiri miezi sita hakuponyi hili. Kunamzuia aliyekwisha kupangiwa upasuaji, basi. Mzee mwenye presha na kisukari ugonjwa wake haumaliziki ndani ya miezi sita; atakaa bila dawa, kisha ataingia kwenye mfuko figo zikiwa zimeharibika, na gharama ya kusafisha damu mnaijua. Kwa wazee, mimi ningekifuta kipengele hicho.

Mjumbe mmoja atasema hiari inawezekana, mbona Marekani wanaiweza. Ni kweli kwa kiasi. Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965 kwa wenye miaka 65 na kuendelea, ina Sehemu B inayolipia madaktari na huduma za wagonjwa wa nje, na kujiunga nayo ni hiari. Lakini mchango wa kawaida wa mwanachama umepangwa ubebe takriban robo tu ya gharama, na sehemu kubwa ya kinachobaki inatoka kwenye kodi za jumla za serikali. Anayekaa nje anajinyima mwenyewe. Tena kuna dirisha la kujiunga la miezi 7 kuzunguka mwezi anaotimiza umri. Akilipitisha bila sababu inayokubalika, kwa mfano bima ya mwajiri ambaye bado anamfanyia kazi, mchango wake unaongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na kwa kawaida nyongeza hiyo anakaa nayo muda wote awapo mwanachama. Hiyo ni hiari yenye meno. Msichukue jina lake mkaacha ruzuku iliyo nyuma yake. Na hayo meno msiyaelekeze kwa mzee asiye na pensheni: ukimtoza adhabu kwa kuchelewa, hatajiunga kamwe.

Thailand iliwahi kuuza kadi ya afya ya hiari, ikakumbana na hayohayo: wagonjwa walinunua, wazima wakakaa kando. Mwaka 2002 ikageuza mkondo. Waliokuwa nje ya mipango ya watumishi wa umma na ya wafanyakazi wa sekta rasmi waliingizwa kwenye mpango mmoja unaolipiwa na kodi, na mgonjwa akachangia baht 30 kila anapokwenda kutibiwa. Ghana, kwa sheria yake ya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, na ikawasamehe mchango wenye miaka 70 na zaidi. Japani tangu 2008 ina mpango wa pekee wa wenye miaka 75 na kuendelea: ukiondoa anachochangia mgonjwa dirishani, karibu nusu ya gharama inatoka serikalini, takriban asilimia 40 kwenye bima za walio chini ya umri huo, na michango ya wazee wenyewe ni kama sehemu ya kumi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba suala la mchango wa mzee mlitoe kabisa kwenye mjadala wa hiari. Aandikishwe moja kwa moja kutoka kwenye daftari la vitambulisho akifikisha umri, na alipiwe na chanzo cha kodi kinachotajwa ndani ya sheria. Nasisitiza kutajwa, kwa sababu msamaha usio na fungu la bajeti unageuka deni la hospitali. Madai yanakaa miezi bila kulipwa, duka la dawa la hospitali linakauka, mzee anaandikiwa karatasi akanunue nje. Kadi anayo mkononi.

Jambo dogo ambalo kamati nyingi hulisahau ni utambuzi pale mapokezi. Mikono iliyofanya kazi ngumu miaka mingi huwa imesagika alama za vidole. Mzee anabonyeza kidole mara tatu, mashine inamkataa, anaambiwa akae pembeni. Wekeni njia mbadala ndani ya kanuni, picha au namba ya kitambulisho, na mtumishi aruhusiwe kuitumia bila kupiga simu makao makuu.

Kabla ya kikao kijacho, uombeni mfuko madai ya angalau miaka miwili yaliyogawanywa kwa makundi ya umri ya miaka mitano-mitano, wanawake na wanaume wakitenganishwa, na dawa za magonjwa sugu zitengwe na kulazwa. Wakiwapa wastani wa jumla tu, urudisheni.