Kupima joto la mosfeti kwa gharama ndogo: waya uliokatika ulinifundisha nini

Inveta ya kwanza niliyoijenga kwa mikono yangu, yaani mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ilifanya kazi miezi saba bila kunisumbua, kisha jioni moja mosfeti zake zote nne, swichi za kielektroniki zinazowasha na kuzima mkondo, zikaungua kwa mpigo mmoja. Nilipoifungua nilikuta feni ni nzima na inazunguka vizuri nikiiunganisha na betri moja kwa moja, fyuzi imekatika kama inavyotakiwa, na pesti ya joto chini ya mosfeti, ile inayopitisha joto lake kwenda kwenye chuma, imekauka ikawa ya kahawia. Nilitafuta chanzo kwa siku mbili kabla ya kugundua kwamba waya mmoja wa kihisi joto ulikuwa umeachia pale ulipolehemewa, umbali wa unywele tu, kiasi kwamba kwa macho ulionekana bado umeshika. Kihisi kile kilikuwa thermista ambayo ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo waya ulipoachia, programu yangu ilisoma ukinzani usio na mwisho na kuutafsiri kuwa baridi kali. Feni haikuwashwa hata mara moja, na mzigo haukupunguzwa, kwa sababu kwa mujibu wa mashine yenyewe hapakuwa na joto lolote.

Tangu siku hiyo nimejenga na kutengeneza inveta, chaja na vidhibiti vya mota kadhaa, na imani yangu kuhusu jambo hili imebaki ile ile: kihisi cha bei ndogo kabisa kinatosha kuzilinda mosfeti zako, mradi kikae mahali panapostahili na programu yako ijue la kufanya kihisi kinapokufa. Watu wengi huhangaika kutafuta kihisi chenye usahihi wa sehemu ya kumi ya nyuzi, ilhali kosa la kukifunga sentimita tano mbali na mosfeti linaweza kuleta tofauti ya hata nyuzi ishirini.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Kinachoungua ni kipande cha silikoni kilichomo ndani ya plastiki nyeusi, na hicho hatuwezi kukigusa. Tunachoweza kugusa ni mgongo wa chuma wa mosfeti au hitisinki iliyofungwa nao, yaani bati la chuma lenye mapezi linalotawanya joto, kisha tukakadiria joto la ndani kwa hesabu. Karatasi ya maelezo ya kiwanda hutoa ukinzani wa joto kati ya silikoni na mgongo. Kwa mosfeti ya IRFZ44N, kwa mfano, ni nyuzi 1.5 za Selsiasi kwa kila wati moja, na silikoni yake haipaswi kuvuka nyuzi 175. Ukipitisha ampia 20 katika mosfeti hiyo, yenye ukinzani wa omu 0.0175 ikiwa imewashwa kikamilifu, inapoteza wati 7, na ikishapata moto ukinzani huo huongezeka, kwa hiyo mimi huhesabu wati 10. Hapo silikoni ina nyuzi 15 zaidi ya mgongo. Ukiweka karatasi ya mika, madini yasiyopitisha umeme, katikati ya mgongo na hitisinki, ongeza nyingine kama 10. Basi hitisinki inayosoma 80 inakuambia kwamba ndani kuna takriban 105, na bado hujahesabu hasara ya kuwasha na kuzima mara maelfu kwa sekunde, ambayo katika inveta nyingi si ndogo hata kidogo. Ndiyo sababu sikubali hitisinki ivuke 85, ingawa 175 inaonekana kuwa mbali sana.

Kihisi ninachokitumia zaidi ni thermista ya omu 10,000, ile iliyobanwa ndani ya kikono cha chuma chenye tundu la skrubu. Uzuri wa kikono hicho ni kwamba kinaingia chini ya skrubu ile ile inayoifunga mosfeti kwenye hitisinki, kwa hiyo kinapokea joto kutoka mahali penyewe linapotokea. Thermista ya namna hii yenye thamani ya B ya 3950, namba inayoonyesha jinsi ukinzani wake unavyobadilika na joto, huwa na omu 10,000 kwenye nyuzi 25, takriban 3,600 kwenye 50, takriban 1,270 kwenye 80, na karibu 700 tu kwenye 100. Tazama jinsi namba zinavyosongamana kule juu, kwenye joto lenyewe tunalolihofia. Maelekezo mengi yanakuambia uiunganishe na rezista, kifaa chenye ukinzani usiobadilika, ya omu 10,000 ili kugawa volti, na ushauri huo unafaa kwa kupima joto la chumba. Kwa mosfeti haufai. Ukiwa na mikrokontrola (kompyuta ndogo inayoendesha programu) ya volti 5 inayozigawa volti hizo katika hatua 1,024, kama bodi ya Arduino ya kawaida, rezista hiyo inakupa hatua mbili na nusu tu kwa kila nyuzi moja kati ya 80 na 100. Badilisha uweke ya omu 2,200, na utapata hatua sita kwa kila nyuzi moja. Ukishuka zaidi hadi omu 1,000 unaongeza kidogo tu, lakini mkondo unaopita ndani ya thermista unakuwa mkubwa na unaanza kuipasha moto yenyewe, kisha unapima joto ulilolitengeneza mwenyewe.

Kuna tahadhari hapa ambayo sitaipitia kwa haraka. Mgongo wa chuma wa mosfeti ya umbo la TO-220 umeungana moja kwa moja na mguu wa dreni, mmoja wa miguu inayopitisha mkondo mkuu, na kama hukuweka mika, hitisinki nzima ina volti za dreni. Katika inveta ya betri ya volti 12 hilo huenda likakuharibia mikrokontrola tu. Katika mashine inayopokea umeme wa ukutani, ambako kapasita kubwa hushikilia volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi, hilo linaua. Epoksi nyembamba inayoifunika thermista usiihesabu kuwa kinga. Weka mika na kola ya plastiki kwenye skrubu, pima kwa multimita kuhakikisha hakuna mgusano kati ya dreni na hitisinki, na usiguse chochote kabla ya kupima kwamba kapasita zimeisha chaji. Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi wanaopima joto kwa kidole waache kabisa.

Mkiwa na mosfeti zinazowaka na kuzima kwa kasi, jambo la pili mtakaloliona ni usomaji unaorukaruka, mara 52, mara 71, mara 49. Si joto linaloruka, ni waya mrefu unaookota kelele za umeme. Sokota waya mbili za thermista pamoja kama kamba, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa kusomea na graundi, karibu na mikrokontrola yenyewe, kisha katika programu chukua masomo tisa na uchague lile la katikati badala ya kutafuta wastani. Wastani huburutwa na somo moja lililopotoka, ila la katikati halitikisiki.

Vihisi vingine nimevitumia pia, na kila kimoja kina mahali pake. Kihisi cha LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo hata multimita ya kawaida inatosha kuisoma bila programu yoyote. Ukiwa na Arduino, tumia rejeo lake la ndani la volti 1.1, yaani volti inazolinganisha nazo inaposoma, na utapata usomaji wa sehemu ya kumi ya nyuzi hadi kufikia karibu 110. Tatizo lake ni umbo: plastiki ile ya mviringo haikai vizuri kwenye bati, na mara nyingi inapima nusu hitisinki na nusu hewa. Kihisi cha DS18B20 hutuma namba badala ya volti, kwa hiyo kelele hazibadilishi usomaji kimyakimya, na unaweza kufunga kadhaa kwenye waya mmoja kwa sababu kila kimoja kina utambulisho wake. Lakini kwa usomaji wake kamili kinachukua milisekunde 750, na mwisho wake ni nyuzi 125. Jambo moja kuhusu kihisi hicho limewahi kunipotezea usiku mzima: kikiwashwa kabla hakijapima chochote, namba iliyomo ndani yake ni 85 kamili. Ukiona 85 isiyosogea, shuku kwamba kimepoteza umeme na kuwaka upya kabla ya kuituhumu mosfeti.

Kwa asiye na chochote kabisa, daiodi ya 1N4148, kifaa kidogo kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, iliyong'olewa kwenye bodi iliyokufa inafaa. Ipitishie mkondo mdogo usiobadilika, na volti zake zitashuka takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Lazima uirekebishe kwa nukta mbili zinazojulikana, kwa sababu daiodi mbili za aina moja hazifanani kabisa. Nukta hizo ziko jikoni: barafu iliyopondwa na kukorogwa na maji hukupa 0, na maji yanayochemka hukupa 100 ukiwa usawa wa bahari, ukipunguza takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Funga kihisi ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki kisilowe. Hata thermista zangu huzipitisha hapo, na zaidi ya mara moja nimekuta iliyouzwa kama ya 3950 ikitenda kama ya thamani nyingine.

Bunduki ya infraredi, ile inayopima joto kwa mbali, ni chombo kizuri cha ukaguzi, si cha ulinzi, na inadanganya vibaya sana mbele ya chuma kinachong'aa. Nimewahi kuielekezea hitisinki ya alumini ikasema 36, wakati thamokapo, kihisi cha nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, iliyobanwa pale pale ilisoma 71. Alumini safi hutoa mionzi kidogo mno ya joto lake yenyewe na kuakisi ya vitu vinavyoizunguka, kwa hiyo bunduki ilikuwa inapima dari. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri dakika moja kishike joto, kisha pima juu ya tepu. Angalia pia umbali: bunduki ya uwiano wa 12 kwa 1 ikiwa sentimita 24 kutoka kwenye kifaa inatazama duara la sentimita 2, wakati mosfeti yenyewe ina upana wa sentimita 1. Isogeze karibu. Thamokapo ya aina ya K, ile inayokuja na baadhi ya multimita, naiamini zaidi kwa kazi ya benchi, lakini ncha yake ni chuma kitupu na tahadhari ya dreni niliyoitaja inahusika hapo kwa uzito wake wote.

Juu ya hivi vyote mimi huongeza swichi ndogo ya bimetali, yenye metali mbili zinazojikunja zikipata joto, ambayo haina programu wala haihitaji umeme wa kwake. Chagua ile ambayo kwa kawaida imefungwa na hufunguka ikifika, tuseme, nyuzi 90, kisha uiunganishe kwenye laini inayoruhusu mosfeti kuwashwa, wala si kwenye mkondo mkuu ambao utaiunguza. Nasisitiza iwe ya kufunguka kwa sababu waya wake ukikatika nao unasimamisha mashine, jambo ambalo thermista peke yake haikulifanya kwenye inveta yangu.

Ndani ya programu, mpaka wa chini una uzito sawa na mpaka wa juu. Hakuna hitisinki ndani ya nyumba itakayosoma nyuzi 40 chini ya sifuri, wala thermista nzima haiwezi kuonyesha 150 sekunde moja baada ya kuwashwa. Usomaji wa namna hiyo ni waya uliokatika au uliogusana, na jibu lake ni kuwasha feni kwa kasi yote na kuzima mzigo. Mipaka yangu mingine ni ya kawaida: feni inawaka kwenye 45 na kuzimika kwenye 40, ili isiwe inawaka na kuzimika kila dakika, mzigo unapunguzwa kuanzia 75, kila kitu kinasimama kwenye 85. Usitegemee lolote kati ya haya likuokoe na shoti, kwa sababu silikoni hufa kabla hitisinki haijapanda hata nyuzi moja. Kazi hiyo ni ya fyuzi na ya sakiti inayopima mkondo. Ukibaki na kihisi cha ziada, kigandishe ubavuni mwa kapasita kubwa ya elektroliti, kwa maana kanuni inayotumika kwayo ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu.

Kabla ya kufunga kifuniko, washa mashine ikiwa na mzigo mdogo, vaa glavu, kisha chomoa soketi ya thermista. Mashine inapaswa kuzima mzigo na feni kuvuma ndani ya sekunde chache. Irudishe, subiri itulie, halafu unganisha pini mbili za soketi hiyo kwa kipande cha waya, na jambo lile lile linapaswa kutokea. Mimi huandika tarehe ya jaribio hilo kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko, pamoja na tofauti kati ya joto la hitisinki na la chumba baada ya nusu saa ya mzigo kamili. Mwaka ukipita narudia, na kama tofauti hiyo imetoka 32 ikawa 40, najua kwamba ni vumbi kwenye mapezi ya hitisinki au pesti iliyokauka, nami nafungua skrubu mosfeti zikiwa bado hai.