Maswali Yenu: Kompyuta za Watu Wengi

Duka langu Mkoani liko karibu na bahari. Nizifunike kompyuta kwa sababu ya chumvi na vumbi?

Zikishazimwa na kupoa, zifunike. Zikiwa zinafanya kazi, usithubutu, zitapata moto.

Mimi ni mwalimu Wete. Kompyuta za maktaba ya skuli kila wiki zinaingia virusi. Antivirusi gani nzuri?

Mwalimu wangu, swali hili silichoki kulijibu, nachoka kuona halisomwi. Wanafunzi wanaingia kwa akaunti gani? Najua: ya msimamizi, wote. Basi antivirusi mnaionea. Anayeingia kwa akaunti ya msimamizi anaweza kuweka programu yoyote, na kirusi kilichomo kwenye flashi yake kinaweza vilevile. Wafungulieni akaunti ya kawaida. Paswedi ya msimamizi wawe nayo walimu wawili, na isibandikwe ubavuni mwa skrini kama nilivyoikuta skuli moja, kwa kalamu nyekundu.

Kisha wekeni programu ya kugandisha diski, kama Deep Freeze. Mtoto akiharibu, unazima na kuwasha, mashine inarudi ilivyokuwa. Ila waambieni mapema kwamba na kazi zao zinafutika. Nimemuona msichana mkono mdomoni mbele ya skrini, insha ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Kila mmoja awe na flashi yake. Na masasisho nayo hufutika, kwa hiyo wekeni siku ya kuifungua diski, kusasisha na kuigandisha tena.

Windows 10 bado inafaa?

Msaada wake wa kawaida, yaani masasisho ya usalama, uliisha 14 Oktoba 2025. Mashine isiyopokea Windows 11 itieni Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni bure. Windows ya wizi ni kumkaribisha mwizi ndani.

Nikisoma barua pepe kwenye kompyuta ya kukodi Darajani, kufunga ukurasa kunatosha?

Hakutoshi. Toka kwenye akaunti, kisha funga kivinjari chote. Kikitaka kukuhifadhia paswedi, kikatalie. Tazama pia nyuma ya mashine: ukiona kidude kati ya waya wa kibodi na kompyuta, ondoka, huenda kinanasa kila unachoandika. Mambo ya benki usifungue hapo kabisa.

Flashi yangu imetoka duka la fotokopi, mafaili yote yamegeuka shotikati (njia za mkato). Niifomati?

Usiifomati! Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Usibonyeze hizo shotikati, ndizo zinazokiamsha kirusi. Ipeleke kwenye mashine safi yenye antivirusi, isafishwe kwanza, halafu mafaili yatolewe mafichoni.