Huduma za wavuti kwa Java: anza na seva ndogo na mteja wake

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kutengeneza huduma za wavuti kwa Java na programu za kuziita, maana mafunzo uliyofuata yamekwama kwenye javax.xml.ws, vifurushi vya Java vya huduma za SOAP. Hujakosea popote. Vifurushi hivyo viliondolewa kwenye JDK (seti ya zana za kutengenezea programu za Java) tangu Java 11, mwaka 2018.

SOAP, mtindo wa huduma unaotumia ujumbe wa XML, iache mpaka kazi ikudai; anza na REST, mtindo mwepesi unaotumia anwani na maombi ya kawaida ya HTTP. Spring Boot, mfumo wa kurahisisha utengenezaji wa programu za Java, nayo isubiri kidogo. Ni nzuri sana, ila inaficha mambo ambayo wewe unapaswa kuyaona kwanza.

Tumia HttpServer, darasa la kuunda seva lililomo ndani ya JDK: poti 8080, njia /salamu, jibu "Habari". Ifungue kwenye kivinjari. Kisha andika mteja (programu inayoita seva) kwa HttpClient, darasa la JDK la kutuma maombi, na uchapishe statusCode(), yaani namba ya hali ya jibu, kabla ya body(), yaani maudhui yake. Hapo ndipo wengi huteleza: seva ikijibu 404 (haikupatikana), HttpClient hairushi hitilafu yoyote, na ukurasa wa kosa unasomwa kama data halali. Halafu zima seva, uite tena, uione ConnectException, hitilafu ya kushindwa kuunganishwa. Na tafadhali, kila ombi liwekee timeout(), yaani kikomo cha muda wa kusubiri, la sivyo mteja anaweza kusubiri jibu bila kikomo.

Ukikwama, leta msimbo wako hapa tuutazame.