Meza Kubwa ya Tao Yenye Uso wa Akriliki: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Fundi anayepokea kazi ya namna hii kwa mara ya kwanza huliogopa zaidi bamba la juu, kwa kuwa ni ghali na likikatwa vibaya halirudi. Hofu hiyo ni halali, lakini ningependa ahangaikie kwanza kiolezo, yaani kipande cha mfano kinachoongoza ukataji, kwani fremu, bamba na ukingo vyote vitakinakili kiolezo hicho pamoja na kasoro zake.

Ili kupata nusu kipenyo cha tao, pima mstari mnyoofu unaounganisha ncha zake mbili, kisha pima kimo cha tao kutoka katikati ya mstari huo. Zidisha urefu wa mstari kwa urefu huohuo, gawa jibu kwa kimo kilichozidishwa kwa 8, halafu ongeza nusu ya kimo. Mstari wa milimita 2,400 wenye kimo cha milimita 300 hutoa nusu kipenyo cha milimita 2,550. Lichore tao kwa ufito mrefu wa mbao uliofungwa kwa msumari kwenye kitovu. Kamba hunyumbuka, na ningeiacha kabisa. Ukingo wa ndani uchorwe kutoka kitovu hichohicho kwa nusu kipenyo kifupi zaidi, yaani milimita 1,800 ikiwa meza ina upana wa milimita 750. Wanaosogeza kiolezo kilekile mbele na kuchora mara ya pili hupata meza inayozidi kuwa nyembamba kuelekea nchani, na wengi hugundua baada ya kukata.

Bamba lenyewe, la aina ya Corian na zinazofanana nayo, ni unga wa hidroksidi ya alumini ulioshikamanishwa kwa resini ya akriliki, na kwa kawaida huwa na unene wa takribani milimita 12. Kwa kuwa mabamba mengi yana upana wa karibu milimita 760 tu, tao kubwa halitoki katika bamba moja, bali huunganishwa kwa vipande. Panga viungo viangukie juu ya mihimili ya fremu, mbali na pembe za ndani na matundu ya nyaya. Nyoosha kingo zinazokutana kwa ruta, yaani mashine ya kisu kinachozunguka, zifute kwa spiriti, kisha tumia gundi ya akriliki ya sehemu mbili yenye rangi ya bamba. Kaza vibano mpaka gundi ichomoze kwa usawa na uishie hapo, kwa sababu kukaza kupita kiasi huifukuza gundi yote na kuacha kiungo dhaifu.

Ukingo mnene unaweza kukatwa kwa kiolezo kutoka kwenye mabaki, au kukunjwa kwa joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi ndani ya tanuri. Kipande kisichopata joto sawasawa hupasuka au kufifia rangi kwenye mpindo. Kwa tao pana naona kukata kunatosha.

Fremu iwe tambarare kabisa, kwa kuwa bamba lisiloegemea vizuri hujipinda na hatimaye kuvunjika. Usilipigilie skrubu. Akriliki hutanuka kwa joto, kiasi cha milimita 3 katika urefu wa mita 3 halijoto ikibadilika kwa nyuzi 30, hivyo ishikwe kwa matone ya gundi ya silikoni na iachiwe nafasi ukutani.

Kabla ya kuunganisha vipande vyote karakanani, pima milango, ngazi na kona ambamo meza itapita. Mara nyingi kiungo kimoja hubaki cha kumalizia mahali pa kazi, na hicho ndicho kinachohitaji kifyonza vumbi na msasa wa viwango vyote, ukianza na wenye chembe kubwa na kuishia na laini, kwa miduara midogo inayovuka pande zote mbili za kiungo. Rangi nyeusi huonyesha kila mkwaruzo, kwa hiyo zitengee muda zaidi.